Uwanja wa Mkuki Lalago

Masalia ya pamba yakishang'olewa, mashamba ya Lalago hubaki matupu, na Nyanjige alifanya mazoezi ya kurusha mkuki popote alipotaka. Lakini mvua zilipoanza, pamba na mahindi vilifunika kila mahali, na malisho yakajaa ng'ombe. Siku moja mkuki wake ulitua karibu kabisa na ndama wa jirani yao Ndaki, na tangu hapo wachungaji hawakutaka hata kumwona. Akabaki kurusha mawe nyuma ya nyumba. Kila mwaka aliingia mashindano ya taifa mkono umepoteza wepesi, akapitwa na wasichana wenye viwanja mwaka mzima.

Mwalimu Felisita, aliyemfundisha mkuki tangu sekondari, alimshauri ahamie Arusha, kwenye uwanja wa mazoezi. Alikwenda, akafikia kwa ndugu walioishi mbali na uwanja. Muda mwingi uliishia njiani, na hakuwa na mtu wa kumrekebisha. Akarudi nyumbani amekonda.

Baba yake, Mayala, hakuwahi kuona mashindano ya mkuki. Alichokiona ni binti yake akirusha mawe huku mvua ikimnyeshea. Msimu wa kulima ulipofika alifunga maksai, wakalima shamba lote isipokuwa kipande kirefu kando ya barabara. Nyanjige, aliyekuwa akiwaongoza maksai, alidhani mzee amechoka.

"Bado kule, baba."

"Kule ni kwako, ng'wanone, mwanangu," alisema Mayala, akiwafungua maksai. "Urushe mpaka uchoke."

Kipande kile ndicho kilichokuwa na rutuba kuliko vyote.

Kazi ikabaki kwenye njia ya kukimbilia kabla ya kurusha, maana udongo mweusi wa pale ukilowa hunasa miguu. Mayala alisomba udongo wa kichuguu kwa mkokoteni, wakaumwagia maji na kuushindilia kwa magogo hadi ukawa mgumu kama sakafu. Ndaki alizunguka gulioni akiwaambia watu kwamba jirani yake anajenga sakafu isiyo na nyumba. Mayala alizisikia habari hizo, akaendelea kushindilia.

Masika ile Nyanjige hakupumzika. Felisita alikuja kila alipotoka darasani, akamrekebisha hatua za mwisho, bega na kiwiko, mpaka mkuki ukaacha kuyumba hewani.

Kwenye mashindano ya taifa alirusha mara ya kwanza akajua. Mkuki ulikwenda ukapita alama za wote, na hakuna aliyeufikia hadi mwisho. Mwandishi mmoja alimuuliza anafanyia mazoezi kituo gani. Akamjibu kwamba ni shambani kwa baba yake, Lalago, na mwandishi akasubiri acheke. Nyanjige hakucheka.

Alipompigia Mayala simu, mzee aliuliza kama bega linamuuma.

Wasichana wawili kutoka kijiji cha Sola walisikia habari, wakaja kuomba wafundishwe, na kipande kikawa chembamba kwa watu watatu. Mvua zilizofuata, Nyanjige aliamka akakuta maksai wa Ndaki wamesimama mpakani. Ndaki mwenyewe alikuwa akipima kwa macho upana wa shamba lake upande ule.

"Nimelima kule juu tu," alimwambia, bila kumtazama sana. "Huku waambie wenzako warushe."

Nyanjige akapiga goti, akamshukuru.