Mwanamke wa Kwenye Picha ya Datius

Kokushubila hakwenda kwa Datius kwa mapenzi. Alikwenda kumenya ndizi za harusi, kama jirani yeyote. Datius alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe Philbert, na ndiye aliyemfukuza kwenye kibanja chao cha Kashozi, migomba na kahawa vyote, mwaka ule ule wa Uhuru. Aliapa mbele ya wazee kwamba kibanja alikifungua yeye peke yake, na kwamba jembe la mwanamke halijawahi kugusa udongo ule. Wazee walishashiba rubisi, pombe yake ya ndizi, wakaitikia. Miaka kumi na moja ilipita, na hasira ya Kokushubila haikupoa hata siku moja.

Siku hiyo aliingia sebuleni kuchukua sinia, akakuta picha ya rangi ukutani, ndani ya fremu yenye kioo. Ilichorwa na sista mmoja wa misheni. Sista alipokuwa anarudi kwao Ulaya, Datius aliinunua kwa kuwa ilionyesha shamba lake, na mgeni hakunywa maji kabla ya kuonyeshwa. Kokushubila akasogea. Kwanza aliona uso wake mwenyewe kwenye kioo, umezeeka, umekaa juu ya migomba. Akainamisha kichwa kukwepa mwanga, na pale pale uso ulipokuwa akaona mwanamke mdogo kama kidole, ana mtoto mgongoni, analima. Mkono wa kushoto ndio uliotangulia kwenye mpini.

Mama yangu! Kashozi nzima nani mwingine analima kwa kushoto? Na pembeni chini sista aliandika mwaka: 1958.

"Usiguse kioo," Datius alisema kutoka mlangoni. "Una utomvu mikononi."

"Naangalia tu shamba lako, shemeji. Zuri kweli."

"Si umeona! Hata kibarua wangu kachorwa."

Kibarua! Kokushubila akachukua sinia, akarudi kumenya ndizi, na siku hiyo alimenya kuliko wote.

Juma lililofuata akapeleka shauri barazani. Siasa ya wakati huo ilikuwa ardhi ni ya anayeilima, na mwenyekiti, Mzee Gamaliel, aliuliza swali moja tu: kibanja kile nani alikifungua? Datius akaapa tena yale yale, kwamba miaka yote kabla ya Uhuru alilima peke yake na hakuwahi kulimiwa na mwanamke.

"Na ile picha yake nzuri," Kokushubila akasema kwa upole, "si ailete baraza liione?"

Jamani, majivuno! Datius alikwenda mbio kuileta mwenyewe, kaikumbatia kifuani.

Mzee Gamaliel aliikodolea macho, akausoma na mwaka wa pembeni chini. Kisha akaagiza jembe, akamwambia Kokushubila alime pale pale uwanjani. Akalima, mkono wa kushoto mbele. Watu wakamtazama yeye, wakatazama picha, wakamtazama tena.

"Waitu, jamani, ni yeye," mmoja akasema.

Baraza likaamua kibanja kirudi kwa Kokushubila, na Datius ahame kabla ya mvua za vuli.

Nje, mbele za watu, Datius akampigia magoti. Hakuomba nyumba wala kahawa.

"Nitahama," alisema, machozi yakimtoka. "Lakini mke wangu Joviana amelala pale kibanjani, na wanangu wawili. Nikifa, shemeji, nizikwe karibu nao. Hilo tu."

Ombi la namna hiyo halikataliwi Uhayani, na wanawake wawili walianza kumshika Kokushubila mkono ili alegeze moyo. Akajitoa mikononi mwao.

"Nilikuja kupalilia kaburi la Philbert," alisema, "ukanifungulia mbwa. Nilikuja mara tatu, Datius."

"Nilikosa, shemeji."

"Ulikosa. Sasa nenda kijiji cha ujamaa. Kule ardhi ni ya wote, shimo lako halitakosekana."

Datius akainamisha kichwa mpaka chini. Kokushubila alimtazama akilia, na hakuwa na haraka ya kuondoka.