Magego Yaliyohamia kwa Baba

Mapumziko ya mchana pale ghalani yalikuwa dakika kumi na mbili. Kwenda mkahawani na kurudi, dakika kumi na moja. Kwa hiyo mpanga vifurushi, kijana wa miaka ishirini na mbili, alikula kama wenzake wa rika lake: vipande laini vya nafaka na asali vya kwenye karatasi ya kung'aa, vilivyogawiwa hapo ghalani, ambavyo wao waliviita baa. Kimoja asubuhi, kimoja mchana. Na jioni pia kimoja, maana alikwisha kuzoea, na sahani nzima ya chakula aliiona kama zamu nyingine. Mwanzoni baba yake alipomuuliza mchana alikula wapi, alijibu, "Baa," na mzee akashinda wiki nzima akimnusa kama kanywa pombe.

Jumanne moja ulimi wake uligusa pengo. Gego la mwisho halikuwepo. Hakuona damu wala maumivu. Jioni alilikuta nyumbani, kinywani mwa baba yake, fundi cherehani mstaafu aliyekuwa kibogoyo kwa miaka sita.

"Limeingia nikiwa naanua nguo," baba alisema. "Ni lako?"

"Langu, baba. Nalijua kwa lile tundu lililozibwa. Linakubana?"

"Wala. Limekaa sawa kabisa."

Hadi Ijumaa yalikuwa yamehama saba. Daktari wa meno aliwatazama wote wawili, akanawa mikono. Mwezi huo alikuwa ameshapokea vijana kumi na mmoja wa namna hiyo.

"Gego lisipopewa kazi huenda kwenye kazi," alisema. "Mengi huenda kwa wazazi. Mawili tu yameenda kwa mbwa. Kula chakula cha kutafuna, yatarudi."

Uongozi wa ghala ulipopata habari ulibandika tangazo: baa sasa zitatengenezwa laini zaidi. Mapumziko hayakutajwa.

Jumapili mchana baba alipika nyama. Akampakulia mwanawe sahani iliyojaa, yeye akajiwekea uji, ingawa siku hizo zote alikuwa akila nyama na kufuta machozi ya furaha kwa kiganja.

Kijana alitafuna kijiko cha kwanza, cha pili. Katika cha tatu gego moja lilirudi, na shavu la baba likabonyea. Baba akatabasamu hivyo hivyo.

Kijana akaisukuma sahani upande wa pili wa meza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, vijiko vitatu?"

"Nimeshiba, baba. Hebu kula wewe, nikusikie."

Mzee aliivuta sahani. Kisha akachukua mfupa, akauvunja kwa magego ya mwanawe, taratibu, kama mtu anayetumia kitu cha kuazima.

"Chumvi imekolea," akasema. "Kitunguu kimeungua kidogo. Mafuta yapo huku pembeni, matamu."

Kijana alilaza kichwa mezani, akafumba macho.

"Endelea," akasema.