Tikiti Halivundikwi

Baba yangu ni mbishi, na mimi ni mwanawe hasa. Alipoteleza shambani kwake Nkoaranga akavunjika nyonga, nilimteremsha huku kwangu Nduruma, na tangu hapo wimbo ni mmoja: nirudishe nyumbani. Nikakataa. Mzee wa miaka themanini, peke yake, kwenye mteremko ule?

"Nipe kazi unipime, Lydia," akasema. "Nikiiweza, utanirudisha."

Nikampa miche sita ya matikiti maji nyuma ya jiko. Nilijua fika kwamba maisha yake yote alilima kahawa na migomba tu. Ulikuwa ujanja, na siringi nao.

Jirani yangu Mwanahalima alimwonyesha dalili za tikiti lililoiva: kiuzi kinachojisokota karibu na kikonyo kikauke, na tumbo la tikiti, pale linapolala chini, liwe la manjano. Baba aliitikia kwa adabu, kama anavyoitikia mahubiri marefu. Akawa anamwagilia kwa kopo, anachechemea na fimbo yake, na matikiti yakanenepa. Nikaanza kuomba yaharibike, Mungu anisamehe.

Wiki mbili kabla ya wakati, nikakuta bustani tupu. Matikiti yote kumi na moja yalikuwa stoo, yamefunikwa majani makavu ya migomba na magunia juu.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nimevundika," akasema, akinishangaa. "Kwani wewe mkungu unaungoja uivie mgombani?"

Nikachukua kisu nikapasua moja mbele yake. Jeupe pe. La pili, jeupe. Nikayapasua yote kwa hasira, na ndani ya hasira ile mlikuwa na furaha, maana nilikuwa nimeshinda.

"Tikiti halivundikwi, Baba! Likishakatwa limekatwa. Ulifunike hata mwezi, litaoza tu."

Baba akaokota kipande, akakitafuna taratibu, akameza.

"Na mimi je, mama?" akauliza. "Umenikata kule, umenifunika humu ndani. Unangoja niive lini?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikatoka nje nikampigia simu dada yangu Esther, anayeishi jirani na nyumba ya Baba.

"Fagia kwa Baba. Jumamosi namleta, na wewe utalala naye."

"Kumbe kafaulu mtihani wako?"

"Amefeli vibaya sana," nikasema. "Fagia."