Gwanini Tatu kwa Kila Milioni

Minobe Kayo alipoonyesha kwamba katika figo ya panya mzima ni gwanini tatu tu kwa kila milioni zilizoharibika, Profesa Hirabuki, mkuu wa maabara yetu, aliacha kutafuna biskuti yake ya mchele. Mimi nilikuwa nimemwonyesha arobaini kwa miaka tisa, na hakuwahi kuacha kutafuna.

Katika herufi nne zinazoandika DNA, gwanini ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya oksijeni. Oksijeni kali inayozaliwa ndani ya seli yenyewe hujibandika kwenye gwanini, na tangu hapo gwanini, ambayo mwenzake halali ni sitosini, huwa tayari kuoanishwa na adenini, herufi isiyo mwenzake. Seli ikinakili kosa hilo bila kulisahihisha, kosa hudumu, na mengine ya aina hiyo huishia kuwa saratani. Kazi ya maabara yetu ya Sendai ilikuwa kuzihesabu gwanini zilizoharibika. Niliifanya kabla Minobe hajajua kushika pipeti. Mimi ndiye niliyemfundisha kuishika.

Sasa ilikuwapo nafasi moja ya profesa mshiriki, na barua ya Hirabuki ya kumpendekeza mmoja wetu ingeandikwa baada ya kikao cha Ijumaa.

"Kurosu-san, mbona unalimenya chungwa kama limekutukana?" aliniuliza Bi. Oginuma, mtunza panya, wakati wa chakula cha mchana.

"Si kitu."

"Si kitu wapi! Tangu msichana Minobe apongezwe umenuna."

"Namba zake haziwezekani. Anaupoteza uharibifu njiani, kisha anasema haupo."

"Basi mwambie."

"Nitamwonyesha."

"Haya. Na wivu wako usipoe, theluji hii tutazima hita tuuote huo."

Sikumweleza kilichoniuma zaidi. Katika maabara kama yetu, mdogo huanza kwa kuweka namba za mkubwa wake kwenye chati, hata kama anakusudia kuzipita huku akiomba radhi. Chati ya Minobe haikuwa na namba zangu. Alikuwa amenifuta kama mtu anayefuta ubao.

Jumanne nikachukua, bila kuomba, figo iliyosalia ya panya wake aliyeuawa Jumatatu. Mimi husafisha DNA kwa fenoli, kemikali ya tangu zamani, kama nilivyofundishwa. Yeye hutumia chumvi ya iodidi pamoja na dawa ya kukizuia chuma kisichochee oksijeni, mambo niliyoyaona kuwa ni mbwembwe. Nilisafisha sampuli moja kwa fenoli mara moja, nyingine mara mbili, nyingine mara tatu. Namba yangu isipotikisika, ya kwake itakuwa ndiyo kosa.

Alhamisi asubuhi mashine ilitoa thelathini na nane, sitini na moja, tisini.

Nilirudia. Namba zilipanda vilevile, kila fenoli ilipoongezwa. Panya alikuwa amekufa tangu Jumatatu. Hakuwa na namna ya kuendelea kuharibika. Kwa miaka tisa nilikuwa nikipima, kwa uangalifu mkubwa, uharibifu nilioufanya mwenyewe.

Minobe aliingia nikiwa bado nimeshika karatasi.

"Samahani, Kurosu-san. Figo namba sita umeichukua wewe?"

"Nimeichukua."

"Ulitaka kunikagua?"

"Nilitaka kukuumbua."

Nikampa karatasi. Aliisoma, na hakushangaa.

"Ulijua?" nikauliza.

"Tangu Oktoba."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesemaje, na wewe ndiye mwalimu wangu? Ndiyo maana nikaziondoa kwenye chati, watu wasizilinganishe. Nikajua ukiona hazipo utaniita, utanigombeza, halafu tutaongea."

"Nilidhani umenidharau."

"Kukudharau? Miezi minne nimelemewa na hiyo heshima yako!"

Laiti angekuwa na kiburi, wivu wangu ungepata pa kuegemea. Sasa ilinibidi nimwonee wivu hata kwa wema wake, na hilo lilizidi uvumilivu wangu.

Katika vikao vyetu mdogo huzungumza kwanza na mkubwa humalizia. Ningesema tu, "Kazi ya Minobe-san inahitaji kuthibitishwa," na yeye asingenijibu mbele ya watu. Nafasi ingekuwa yangu. Alilijua hilo, na hakuniomba chochote.

Ijumaa alisimama, akaonyesha gwanini zake tatu, akainama, akaketi. Zamu yangu ilipofika nilibandika namba zangu ukutani.

"Hizi zinatokana na figo moja," nikasema. "Arobaini zangu zilitengenezwa na fenoli na hewa ya chumba hiki. Za Minobe-san ndizo sahihi."

Hirabuki alizisoma namba zote tatu, kisha akaniita kama mkubwa anavyomwita mdogo. "Kurosu-kun, unaelewa nina barua moja tu ya kuandika?"

"Naelewa, Sensei."

"Na makala zako?"

"Nitawaandikia wahariri mimi mwenyewe, waziondoe."

Kikao kilipovunjika Minobe alinifuata ukumbini, macho mekundu, akaanza kunishukuru.

"Usinishukuru," nikamwambia. "Bado nakuonea wivu."

"Sawa, Kurosu-san." Akatembea nami hatua chache. "Kesho nikuonyeshe ile njia ya iodidi? Saa tatu?"

Nilikubali. Nilifika saa mbili na nusu ili nimtangulie walau katika hilo, nikamkuta ameshavaa koti la maabara na amenipangia mirija.