Uyoga Mchungu wa Nyuma ya Matangi

Ofisini walimwita Bibi Kuvu, mwanzoni kisirisiri, baadaye waziwazi, maana mwenyewe alianza kupokea simu kwa jina hilo. Kazi yake ilikuwa kutunza kabati za uyoga katika jumba la makumbusho: uyoga uliokaushwa, ukatiwa kwenye vibahasha, ukapangwa ndani ya masanduku ya karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake. Miaka thelathini na moja ameimalizia humo, na ukimuuliza atakwambia hajachoka hata siku moja. Mumewe naye alishazoea kukuta uyoga kwenye friji, mahali pa mayai.

Jumatatu ikaja barua ya mpima ardhi wa mji. Kijisitu cha nyuma ya matangi ya maji kilitakiwa kukatwa, pawe maegesho ya malori. Sheria ilitaka kwanza jumba la makumbusho liseme kama mle mna kiumbe kisichopatikana kwingine. Majibu Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Kisipokuwepo, mashine zinaingia.

Bibi Kuvu akashika tama. Kijisitu kile alikipenda kuliko sebule yake, lakini jibu lilishaandikwa zamani, tena na nani? Na yeye mwenyewe. Alipokuwa kijana mwenye bidii iliyopita kiasi, aliandika makala kwamba uyoga wa mle ni ule ule unaoota kila mahali, aina moja tu, basi. Makala hiyo ndiyo iliyompa kazi, na wataalamu wote waliokuja baada yake waliinukuu kama walivyoikuta.

Jioni akaja wifi yake, dada wa mumewe, mpishi wa shule. Alikuwa katoka huko huko kijisituni, kikapu kimejaa.

“Wifi, mbona uso umekushuka?”

Akamweleza. Wifi akacheka mpaka akajishika mbavu.

“Aina moja? Nani kakudanganya?”

“Mimi.”

“Basi ulijidanganya. Mle mna aina mbili. Mmoja mtamu. Mwingine unafanana nao kama pacha, ila ukiingia sufuriani, chakula chote kichungu, mwaga. Huo unaota chini ya ile miti mikubwa tu. Mimi huujua kwa kuuramba kidogo na kutema.”

“Uyoga haurambwi, wifi.”

“Umesharambwa. Na mimi niko hapa naongea na wewe.”

Msidhani Bibi Kuvu ni malaika. Alinuna. Mtu umesoma, macho yameisha kwenye hadubini, halafu wifi mtu anakuja na kikapu kukufundisha kazi! Lakini alimjua wifi yake: anatania mchana kutwa, ila kwenye habari za chakula hatii chumvi. Akapiga moyo konde, akamwomba autenge.

Wifi akatenga mafungu mawili juu ya meza ya jikoni. Kwa macho, Bibi Kuvu hakuona tofauti yoyote. Akakata miguu, akabaki na kofia, akazilaza kifudifudi zidondoshe mbegu zake, lile vumbi laini ambalo rangi yake husema mengi kuhusu uyoga. Karatasi hazikuwepo karibu, akachukua trei ya kuokea mikate, nyeusi kwa masizi ya miaka, akazipanga hapo, kila fungu upande wake, akazifunika kwa mabakuli na kwenda kulala.

Asubuhi akafunua. Chini ya kofia tamu, vumbi la kahawia ambalo ulilazimika kuinama ndipo ulione. Chini ya zile chungu, miviringo myeupe pee, kama mtu kapuliza unga. Akakaa.

Kila anayejifunza uyoga huambiwa siku ya kwanza: tumia karatasi nusu nyeupe, nusu nyeusi, kwa kuwa vumbi jeupe halionekani kwenye nyeupe. Naye aliambiwa. Lakini mwaka ule wa makala, karatasi nyeusi zilikuwa zimeisha stoo, mtunza stoo akamwambia asubiri mwezi ujao, na yeye kusubiri hakuwezi. Akatumia nyeupe tupu. Kofia ambazo hazikuonyesha kitu akaziandikia, kwa mkono wake na kwa kujiamini kabisa: changa, hazijakomaa.

Siku mbili akachambua masanduku yake ya zamani chini ya hadubini. Aina mbili, zimelala bahasha moja miaka yote hiyo, na ile chungu haimo katika kabati nyingine wala kitabu chochote. Aibu ikampanda mpaka masikioni, halafu, sijui ilitoka wapi, raha. Uyoga mpya kabisa, na bado yu hai kuuona!

Alhamisi akaandika jibu: “Utafiti wa hivi karibuni umebaini...” Sentensi safi, haina mwenyewe, wala hapana mtu angemuuliza. Ikamkaa vibaya rohoni. Akaifuta.

Ijumaa saa nne mpima alikuja mwenyewe, makala ya zamani mkononi.

“Mama, hapa umeandika ni uyoga wa kawaida.”

“Nilikosea. Niliweka vumbi jeupe juu ya karatasi nyeupe. Njoo uone.”

Mpima akachungulia kwenye hadubini, akachungulia tena. “Kazini kwangu,” akasema, “kila mtu huniletea kosa la mwenzake.” Akagonga muhuri wa kusimamisha kazi. Malori yatatafutiwa kiwanja kingine, na vigingi vya mpaka alivyokuwa ameshapiga kijisituni angeving'oa siku hiyo hiyo.

Alasiri wifi akapita makumbusho kuona kulikoni. Akamkuta Bibi Kuvu na gundi.

“Si ung'oe tu hiyo lebo ya zamani?”

“Haing'olewi. Ndiyo desturi ya kabati hizi. Kosa linabaki na jina la mkosaji, sahihisho linabandikwa pembeni. Atakayefungua miaka mia ijayo ataona yote mawili.”

“Kwa hiyo aibu yako itakaa humo milele?”

“Milele. Tena kwa wino mzuri.”

Jina la kitaalamu lingengoja wakaguzi, labda mwaka mzima. Lakini lebo ilikuwa na mstari wa aliyeutambua uyoga, na huo haukuhitaji kungoja. Bibi Kuvu akaandika majina matatu, taratibu, herufi kubwa, kisha akamsogezea.

“Hapo si pa wataalamu?” wifi akauliza.

“Ndipo.”

Wifi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akayasoma majina yake matatu kidole kikiwa chini ya kila moja, akarudia, kisha akaomba kiti.