Kriki ya Gracien

Wewe ungefanya nini, kama ungemwona mkwe wako anajiingiza chini ya gari lililoinuliwa kwa kriki moja tu, yaani jeki, juu ya udongo ulionyeshewa usiku kucha, nawe umelelewa kwamba mama mkwe hampi mkwe wake amri?

Rosalie alikuwa barazani kwao Bagira, anachagua maharage. Siku zote neno lake kwa Gracien lilipitia kwa binti yake Elodie, mke wa Gracien, lakini Elodie alikuwa sokoni. Kiwanja chenyewe kinateremka hadi mfereji wa jirani. Kriki, Gracien aliisimamisha juu ya tofali moja lenye ufa. Nyuma ya mapine ya gari hakuweka hata jiwe la kuyazuia yasizunguke. Akalala chali na waya wake mkononi, akajisukuma ndani hadi kiunoni, afunge bomba la moshi.

Rosalie alianza na kuku aliyekuwa akidonoa kando ya gari, ili Gracien asikie. Alimwambia kuku atoke pale, tofali linazama. Gracien, kutoka huko chini, akamwomba kuku amjulishe maman kwamba ni dakika tano tu.

Basi Rosalie akaweka ungo chini, akaenda kusimama kando ya gari. Mkwe mwenye adabu halali mbele ya mama mkwe aliyesimama. Gracien akatoka, akajipangusa, akasimama na kichwa chini.

"Jambo, papa," Rosalie akasema, akimwita baba kwa heshima.

"Jambo, maman. Asubui hatukusalimiana?"

"Tulisalimiana."

Akarudi barazani, na Gracien akarudi chini. Rosalie hakuwa amechagua maharage kumi alipoona kriki imeinama, kiasi cha kidole kimoja. Akaenda tena, na Gracien akatoka tena. Safari hii alimuuliza habari za wazazi wake wa Luvungi, ambao walikula hapo hapo Jumapili. Wazima. Na mbuzi wao? Mzima pia. Gracien alikuwa na mafuta machafu hadi masikioni, na subira yake ilikuwa imebaki kama chumvi ya mwisho wa mwezi. Akaomba ruhusa, akarudi chini ya gari.

Rosalie hakwenda kukaa. Alibaki amesimama pale pale, akakohoa. Gracien akavuta pumzi ndefu, akatoka, akanyoosha mgongo. Kabla hajaulizwa habari za mbuzi, tofali likapasuka. Kriki ikalala ubavu, gari likashuka kwa kishindo pale kilipokuwa kifua chake, likateleza na kuegemea ukingo wa mfereji. Kuku akaondoka.

 Kisha Gracien akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ataweka mawe nyuma ya mapine, ubao mpana chini ya kriki, na magogo mawili chini ya gari kabla ya kuingiza hata mkono. Rosalie alimtafuta kuku, hakumwona. Akamtazama mkwe wake usoni, mara ya kwanza tangu harusi.

"Gracien, mimi niko muzee. Nataka wewe ndiye unizike, hapana mimi nikuzike."