Gobore Nililolisalimisha

Hao wanaobishana redioni kama sheria kali ya bunduki inapunguza vifo au haipunguzi, nawaomba waje Rungwe Mpya siku moja. Nitawapikia ugali na maharage, watakula, halafu watanyamaza wanisikilize mimi. Kila nikisikia ubishi ule kwenye redio ya Gharibu, mwenye duka ambaye nashonea barazani kwake hapa Kasulu mjini, mguu wangu unakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi unakatika. Siku hizi Gharibu anaizima bila kuambiwa.

Mimi ni Dorcas Nkunzimana. Babu alitoka Burundi, sisi ni raia, vyeti tunavyo. Kaka yangu Venanti alibaki Rungwe Mpya kulima shamba la baba, na pamoja na shamba alirithi gobore la baba. Kwa asiyelijua, gobore ni bunduki ya kienyeji, ndefu kama mchi, inayoshindiliwa baruti na vipande vya nondo mdomoni. La kwetu halikuwahi kuona leseni. Lilitundikwa jikoni juu ya mafiga ili moshi uikaushe baruti, na msimu wa mahindi lilikaa limeshindiliwa tayari, nguruwe pori wakiingia shambani mtu aruke nalo. Mahindi yakishavunwa, lilipigwa hewani mara moja, likabaki tupu mpaka mvua nyingine. Baba alifanya hivyo miaka yote na Venanti akafuata.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mke wa Venanti, Uwimana, alinipigia simu akinong'ona.

"Wifi, kaka yako ameshindilia."

"Ameshindilia nini?"

"Gobore. Shambani hakuna hata bua moja lililosimama, na yeye ameshindilia. Tangu juzi."

Sikuuliza ni kwa ajili ya nani. Jirani yetu Hatungimana alikuwa ameng'oa miti ya mpaka na kuipanda upya hatua sita ndani ya shamba la baba. Venanti alikwenda kwa mtendaji mara tatu, na mara zote tatu akaambiwa njoo kesho. Kaka yangu hakuwa mtu wa makelele. Akikasirika sawasawa, alikuwa anakula kidogo na kusalimia watu vizuri kuliko kawaida.

"Jana amemsalimia Hatungimana," Uwimana akasema. "Akamuuliza na hali ya watoto. Njoo ulichukue, wifi. Mimi akijua ni mimi, ataniua."

Ulikuwa msimu wa msamaha. Gari la matangazo lilikuwa linapita huku na huko, anayemiliki silaha kinyume cha sheria aisalimishe kwa hiari kabla ya mwezi wa kumi kwisha, hataulizwa kitu. Kijijini kwetu hakuna aliyesalimisha. Kwani hawana? Wanazo. Lakini mtu mwenye jina kama langu, akitokea mbele ya askari amebeba bunduki, anajua swali la kwanza litakuwa ni la kule babu yake alikozaliwa. Kwa hiyo kila nyumba ilifanya kama haikusikia tangazo, na magobore yakabaki kwenye moshi.

Nilikwenda Jumapili, Venanti akiwa kwaya. Uwimana alilitungua, tukalisimamisha mlangoni na kulimiminia maji ya kunawia mdomoni mpaka yakatiririka yamekuwa meusi. Baruti ikilowa imekufa. Kisha tukalifunga katikati ya mzigo wa mashina ya mihogo, nikapanda bodaboda kama mama yeyote anayepeleka mbegu. Dereva alinisifia kwamba mashina yangu ni mazito, lazima ni mbegu nzuri.

Kituo cha polisi, askari aliyekuwa mezani alilipokea, akaligeuza, akalinusa mtutu. "Wewe asili yako wapi?"

"Hapa."

"Asili, nimesema."

"Mmetangaza hamuulizi kitu," nikamwambia. "Gari lenu limepita mbele ya cherehani yangu mara nane kwa siku mbili likipiga kelele kwamba hamuulizi kitu. Andika gobore moja, niende zangu."

Aliandika. Nilitoka nje haraka kabla hajapata swali jingine.

Venanti alifika barazani kwa Gharibu kesho yake asubuhi. Hakunisalimia vizuri, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

"Nani kakwambia uingie jikoni kwangu?"

"Nimejiingiza mwenyewe."

"Umenivua nguo, Dorcas! La baba, mbele ya kijiji kizima! Majambazi wakija kwangu, utakuja kuwazuia na hiyo cherehani?"

"Nilikuta limeshindiliwa, kaka. Mwezi wa tisa."

Tukatazamana, na nikajua kwamba anajua kuwa najua. Uwimana sikumtaja. Akageuka, akaondoka bila kunywa hata chai, na tangu siku hiyo hakuniita tena dada.

Wiki mbili baadaye alimfuata Hatungimana shambani na panga. Hatungimana alimwona akiwa bado mbali, akatupa jembe, akakimbia. Mtu mzima, na kitambi chake, alipita mihogoni kama swala mpaka kanisani, akajifungia na katekista. Watu walimzunguka Venanti, wakampokonya panga, na mtendaji, ambaye kesho yake ilikuwa haifiki, alifika siku hiyohiyo jioni akarudisha miti ya mpaka mahali pake. Kijiji kizima kilicheka wiki nzima jinsi Hatungimana alivyokimbia, na Hatungimana mwenyewe akacheka nao. Mimi sikucheka. Panga linakimbiwa. Aliyetegewa gobore nyuma ya kichuguu hapati hata nafasi ya kutupa jembe. Hilo hakuna aliyelifikiria, kwa sababu tuliojua kwamba gobore lilikuwa limeshiba tulikuwa watatu tu.

Halafu ukaja mwezi wa kumi na moja. Venanti alitoka mnadani Kagerankanda saa nane mchana, jua kali, baiskeli ina gunia la maharage. Watu wawili walitokea porini. Hawakuwa na gobore, walikuwa na bunduki ya kivita, ile inayolia mfululizo, ambayo haikupita kwenye meza ya askari yeyote wala haikusikia gari la matangazo. Walimpiga mbili za kifua. Wakachukua baiskeli, simu na maharage. Kaka yangu alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Siwezi kueleza hasira niliyokuwa nayo. Niliwachukia wale wawili, nikaichukia mipaka inayovuja, nikamchukia askari aliyeninusia mtutu na kuniuliza asili. Sheria imemfikia mkulima jikoni kwake, na ikashindwa kumfikia mwuaji barabarani! Nikajichukia na mimi. Nililia mpaka Gharibu akafunga duka mchana kweupe akaniletea maji.

Matanga hayajafika hata siku ya tatu, maneno yakaanza. Dada mtu ndiye aliyempokonya silaha. Angekuwa nalo, wasingemweza. Nikawauliza, nani anakwenda mnadani na gobore begani? Lile lilikuwa linakaa jikoni! Hata angelibeba, lilikuwa linapiga mara moja, halafu unakaa chini kushindilia tena dakika nzima. Walinisikiliza kwa adabu, wakaondoka, wakaenda kusema yaleyale kwenye nyumba ya pili. Uwimana alikaa kwenye mkeka wake, macho chini. Nikasema ni uchungu, nimwache.

Kwetu msiba unafungwa siku ya kuganduka. Watu wanakunywa na kula, lakini kwanza mkubwa wa ukoo anauliza nani ana neno na marehemu au na nyumba yake. Ukiwa nalo, utalisema hapo. Likishafungwa, halisemwi tena kijijini mpaka kufa, na ndiyo maana mimi nalisemea hapa kwenye karatasi. Baba mdogo Ildefonsi aliuliza.

Hatungimana akasimama. Alivaa koti jipya.

"Mimi na Venanti tulikosana kwa mpaka," akasema. "Tulitishana kwa panga, yakaisha, nimemsamehe na ninaamini naye amenisamehe. Alikuwa jirani mwema. Wiki chache kabla ya ugomvi wetu alisimama njiani akaniuliza hali ya watoto wangu, mmoja mmoja, kwa majina." Akajifuta jicho. "Neno langu si kwake. Neno langu ni kwa dada Dorcas. Mwanaume wa nyumba hii aliachwa mikono mitupu, na damu yake inamdai dada yake. Sheria ya serikali imemfaa nini marehemu? Nimemaliza."

Watu wakaguna. "Ego," sauti kadhaa zikaitikia, ndiyo, ni kweli.

Nilisimama bila kujua kwamba nimesimama. Mjinga huyu! Alikuwa ameulizwa watoto wake kwa majina, na mpaka leo anafikiri ilikuwa ni ujirani.

"Baba mdogo, ninalo neno," nikasema. "Lakini aanze wifi. Uwimana, waambie nani alinipigia simu mwezi wa tisa, na aliniambia nini."

Watu wote wakamgeukia. Uwimana alikuwa amezungukwa na wanawe watatu. Yule mkubwa, Niyonkuru, alikuwa amevaa sweta la baba yake, mikono imekunjwa mara nne. Uwimana aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikayaona macho yake vizuri. Hayakuwa na uchungu, yalikuwa yananisihi.

"Oya," akasema, hapana. "Mimi sijui habari ya simu."

Ningeweza kuendelea. Ningesema, baba yenu alikuwa ameshindilia gobore ili amuue huyu mwenye koti jipya, na mama yenu ndiye aliyeniita. Nani angeniamini? Na kama wangeniamini, ingekuwa vibaya zaidi. Niyonkuru alikuwa ananitazama amefungua mdomo kidogo, anangoja nimwambie jambo kuhusu baba yake. Nikatamani kumzaba Uwimana kofi palepale mbele ya wakwe na mapadri.

"Haya, sema neno lako," Ildefonsi akanihimiza.

"Sina."

"Huna kabisa?"

"Sina, baba mdogo."

Akalifunga. Akamimina pombe chini, akasema lililosemwa limesemwa na lisilosemwa limezikwa, na kila mtu akaitika. Tangu hapo, Rungwe Mpya nzima, mimi ndiye niliyemuua kaka yangu. Imeandikwa hivyo kwenye vichwa vya watu na hakuna wa kuifuta.

Halafu chakula kikaja, na binti wa nyumba ndiye anayepakua, kwa hiyo nikafunga kanga kiunoni nikashika upawa. Wakapita mbele yangu mmoja mmoja, wengine wananyoosha sahani bila kuniangalia usoni. Hatungimana alikula haraka. Nilimtazama akimega tonge, akitafuna, akimcheka mtoto wake wa mwisho aliyejimwagia mchuzi kwenye shati. Akamfuta kwa mkono wake mwenyewe. Mashavu yalikuwa yanang'aa mafuta.

Akarudi na sahani.

"Dada Dorcas, niongezee maharage kidogo. Usinichukie kwa yale, nilisema ukweli tu."

Nilitaka kummwagia sufuria zima usoni. Alisimama pale mbele yangu akiwa na njaa, anapumua, jasho linamtoka, anangoja. Nikampakulia mpaka sahani ikafurika.